MaikroRNA na Ukarabati wa DNA katika Saratani ya Matiti: Maswali Tunayoulizwa Hapa Lamu

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika shule ya upili hapa kisiwani. Ukurasa huu ulianza na karatasi moja. Shangazi yangu alirudi kutoka matibabu na ripoti ya maabara imekunjwa mara nne ndani ya mkoba, yote Kiingereza kitupu, na hospitali iliyompa haikumweleza hata mstari mmoja. Akanikabidhi, akasema, "Wewe si mwalimu? Haya, nisomee." Nikamsomea. Akauliza swali, akaongeza la pili, na kabla ya wiki kwisha majirani wa Langoni walikuwa wakinitumia ya kwao kwa sauti za WhatsApp, mengine saa tano za usiku. Hapa nimeweka yale yanayorudi kila mara.

Mimi si daktari. Ninaeleza kinachotokea ndani ya seli. Matibabu yako ni baina yako na daktari wako.

Mwalimu, hiyo maikroRNA ni mdudu gani?

Si mdudu. Ni kipande kifupi mno cha RNA, ndugu ya DNA, chenye herufi za kemikali zipatazo 22 tu. DNA yako nzima ina jozi za herufi karibu bilioni 3, kwa hiyo hapa tunazungumzia kitu kidogo kuliko nukta katika msahafu.

Jeni hukaa kwenye kiini cha seli. Seli ikihitaji protini fulani, jeni hunakiliwa kwenye RNA tarishi, na jina linajieleza: ni cheti kinachotumwa nje ya kiini kwenda karakana ya protini. Karakana husoma cheti na kuunda protini iliyoagizwa. MaikroRNA haiagizi protini yoyote. Kazi yake ni kuvizia vyeti vya wengine.

Nayo huanza ikiwa ndefu. Kimeng'enya kiitwacho Drosha huikata mara ya kwanza ndani ya kiini, kingine kiitwacho Dicer huikata mara ya pili nje, kisha hupakiwa kwenye protini ya Argonaute. Hapo ndipo huanza kuwinda. Herufi zake za 2 hadi 8 ndizo tunazoziita mbegu. Zikilingana na herufi zilizo kwenye mkia wa cheti, ile sehemu ya mwisho isiyogeuzwa kuwa protini, cheti hukwama au huchanwa. Protini hupungua.

Sisemi huisha, nasema hupungua. MaikroRNA huvuta kuni mbili tatu kutoka mekoni. Haimwagi maji motoni. Tena moja huweza kuvizia vyeti vya jeni nyingi kwa wakati mmoja, na cheti kimoja huweza kuviziwa na maikroRNA kadhaa. Binadamu ana zaidi ya aina 2,000 zilizoorodheshwa. Msidhani kuna mtu mwenye picha yote.

Iligunduliwa lini?

Mwaka 1993, kwenye mnyoo wa udongoni wenye urefu wa milimita moja hivi. Victor Ambros na Gary Ruvkun, Wamarekani wawili, walikuwa wakitafuta kwa nini baadhi ya minyoo hiyo haikui ipasavyo. Wakakuta jeni iitwayo lin-4 haitoi protini, inatoa kipande cha RNA kinachonyamazisha jeni nyingine. Kwa miaka saba wengi waliona ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikatoa habari za let-7, na hiyo ikapatikana mpaka kwa binadamu. Tuzo ya Nobel waliipata 2024. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hupenda sana sehemu ya miaka thelathini na moja ya kungoja.

Kwa upande wa saratani, mlango ulifunguka 2002, watafiti walipoona kwamba miR-15 na miR-16 (miR ni kifupi cha maikroRNA) hupotea katika aina moja ya saratani ya damu. Mwaka 2005 ikawa zamu ya matiti: uvimbe wa saratani ulionekana kuwa na mpangilio wa maikroRNA tofauti na wa titi lenye afya.

DNA huharibika vipi, na nani huitengeneza?

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana jibu lake liko Matondoni.

Ukienda kule wakati jahazi limepandishwa pwani utamkuta fundi amechuchumaa ubavuni mwa chombo, nyundo mkononi, anashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao kwa patasi butu. Tak, tak, tak. Anasikiliza. Mlio ukibadilika anajua pamba imekaza, anasogea kiganja kimoja mbele. Hiyo ndiyo kalafati. Na jahazi halikalafatiwi kwa kuwa liliundwa vibaya. Linakalafatiwa kwa sababu linakaa majini.

DNA nayo inakaa majini. Maji yenyewe huing'oa herufi, na mabaki ya oksijeni tunayoitumia kila siku huziunguza. Seli moja hupata majeraha makumi ya maelfu kwa siku, hata ya mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara wala kukaa juani. Mengi ni madogo na huzibwa bila wewe kuhisi lolote. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kuonyesha jinsi ukarabati huo unavyofanywa.

Mafundi ni wengi na kila kundi lina kazi yake. Wapo wanaong'oa herufi moja iliyooza na kupachika mpya. Protini ya PARP1 ni miongoni mwa wanaofika mapema kwenye mipasuko ya upande mmoja. Wapo wanaosahihisha makosa ya kunakili. Wapo wanaokata kipande kizima kilichopinda kwa jua.

Jeraha baya kuliko yote ni DNA kukatika pande zote mbili. Hapo seli ina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuzishika ncha mbili na kuzigundisha upesi. Herufi chache zinaweza kupotea, lakini chombo hakizami. Ya pili ni ya ustadi: seli inaichukua nakala nzima ya DNA ile ile, iliyonakiliwa tayari seli ikijiandaa kugawanyika, na kuitumia kama kielelezo ili kuandika upya kilichokatika. Njia hii ya pili ndiyo ya BRCA1, BRCA2 na RAD51. Kabla ya mafundi hao kufika kuna protini ya ATM inayopiga mbiu ya mgambo, na kuna H2AX inayotiwa alama kando ya jeraha ili wajue pa kwenda.

Yashikeni majina haya manne tu: ATM, H2AX, BRCA1, RAD51. Mengine tunaweza kuyaacha.

Basi maikroRNA ndiyo fundi?

Hapana. Wala si msumeno unaokata DNA. Yenyewe hukaa kwenye njia ya vyeti na kuamua mafundi wangapi watafika kazini.

BRCA1 inaingiaje?

Jina BRCA linatokana na saratani ya matiti kwa Kiingereza. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 17. BRCA1 yenyewe ikasomwa 1994, na BRCA2 ikafuata 1995, kwenye kromosomu ya 13. Mwanamke aliyerithi BRCA1 yenye kasoro ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti na ya ovari, kwa sababu ile njia ya ustadi ya kuunga DNA ikilegea, makosa hujikusanya.

Sasa maikroRNA. Mwaka 2011 kundi moja la watafiti lilichapisha kazi kuhusu miR-182 ambayo mimi huitumia darasani kama mfano wa jaribio lililopangwa vizuri. Walizidisha miR-182 ndani ya seli za saratani ya matiti: protini ya BRCA1 ikashuka, ukarabati wa kutumia kielelezo ukadorora, na seli zikawa hazistahimili mionzi. Wakaizuia miR-182: BRCA1 ikapanda, seli zikastahimili.

Mtu mwenye shaka angesema, je, mmejuaje kama ni kwa sababu ya BRCA1? MiR-182 si inavizia vyeti vingi? Ndiyo. Kwa hiyo walizipa seli hizo BRCA1 isiyo na ule mkia ambao miR-182 huukamata. Cheti bila mkia hakikamatiki. Ukarabati ukarudi kama kawaida, ingawa miR-182 ilikuwa bado imejaa tele. Hapo ndipo ubishi ulipoishia, na hapo ndipo mimi hunyamaza kidogo ubaoni ili jambo liwaingie.

Mwaka huo huo kundi jingine lilionyesha kwamba miR-146a na nduguye miR-146b-5p nazo huishusha BRCA1, na kwamba huonekana kwa wingi katika saratani za aina ya hasi-tatu.

Hasi-tatu ni nini? Neno hilo liko kwenye ripoti yangu.

Lilikuwa kwenye ya shangazi pia. Seli za saratani hupimwa vitu vitatu: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni na protini ya HER2. Zikikosa vyote vitatu, huitwa hasi-tatu. Maana yake kwa mgonjwa ni kwamba dawa za homoni na dawa zinazolenga HER2 hazitamfaa, kwa hiyo kemo, upasuaji na mionzi hubeba mzigo mkubwa zaidi. Aina hii huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wenye asili ya Ulaya, na saratani za waliorithi kasoro ya BRCA1 mara nyingi huwa za aina hii. Ndiyo maana mengi ninayoyaeleza hapa yanahusu hasi-tatu.

Kipimo changu cha BRCA kilitoka safi. Basi ukarabati wa DNA kwangu ni mzima?

Pengine, lakini kipimo hicho hakijibu swali hilo. Kipimo cha kurithi huangalia kama jeni uliyozaliwa nayo ina kasoro. Hakiangalii kama cheti cha jeni hiyo kinafika karakana ndani ya uvimbe.

Jeni inaweza kuwa nzima, herufi moja haijakosewa, na bado protini yake ikawa haba ndani ya seli za saratani. MaikroRNA ni sababu mojawapo. Nyingine ni jeni kufungwa mlangoni kwa alama za kemikali, isinakiliwe kabisa. Kwa vyovyote uvimbe unaishia kuenenda kama wa mtu aliyerithi kasoro, na hali hujulikana kwa wataalamu kama tabia ya BRCA bila kasoro ya BRCA. Binti yako hakuirithi. Iko ndani ya uvimbe tu.

Nimesoma kwamba miR-155 ni mbaya. Pengine nimesoma kwamba inasaidia. Ipi kweli?

Zote mbili, na hapa ndipo watu wengi hunipigia simu badala ya kuandika.

Tuanze na ubaya. MiR-155 huzidi katika saratani nyingi. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba BRCA1, ikiwa nzima, huibana jeni ya miR-155 isinakiliwe sana. Ikikosekana BRCA1, miR-155 hupanda, na seli za uvimbe zenye miR-155 nyingi zilikua haraka zaidi ndani ya wanyama wa maabara. Ukiishia hapo utasema, adui huyu, auawe.

Kisha ikaja kazi ya 2014. MiR-155 ilikutwa ikivizia cheti cha RAD51, yule fundi wa kuunga DNA kwa kutumia kielelezo. MiR-155 ikizidi, RAD51 hupungua, na mionzi ikipigwa seli hushindwa kujiunga. Watafiti wakaangalia uvimbe wa wagonjwa wengi wa hasi-tatu: waliokuwa na miR-155 nyingi walikuwa na RAD51 kidogo, na kwa jumla waliishi muda mrefu zaidi.

Ndumakuwili kabisa. Lakini ukilitazama kwa utulivu hakuna mgongano. Upungufu wa mafundi ndio unaoiwezesha seli kukusanya makosa mpaka ikaasi. Na upungufu huo huo, siku ya mionzi au ya kemo, ndio unaoiua seli iliyoasi, kwa kuwa haina wa kuikarabati. Jahazi bovu huingiza maji kila siku ya usafiri. Likikutwa na dhoruba ndilo linalozama la kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii tunataka lizame.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama maikroRNA fulani ni nzuri au mbaya, muulize kwanza: kabla ya matibabu, au siku ya matibabu? Nimechoka kuona picha za mtandaoni zenye mshale mwekundu wa "mbaya" na wa kijani wa "nzuri". Zinapotosha.

Mionzi na kemo huua saratani kwa njia gani hasa?

Nyingi huua kwa kuiharibu DNA. Mionzi huikata, na mikato ya pande mbili ndiyo inayouma zaidi. Dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi huikumbuka kwa rangi yake, doksorubisini, hukwamisha kimeng'enya kinachofungua mafundo ya DNA mpaka DNA ikabaki imekatika. Sisiplatini na karboplatini huzifunga herufi pamoja zisiachane.

Yote hayo ni majeraha ambayo mafundi niliowataja wangeweza kuyatengeneza. Kwa hiyo nguvu ya dawa haitegemei dawa tu, inategemea mafundi wangapi wako zamu. MiR-18a, kwa mfano, imeonekana kuishusha ATM katika seli za saratani ya matiti. Mbiu ikichelewa kupigwa, ukarabati hulegea na mionzi huuma zaidi. MiR-24 huishusha H2AX, ingawa hiyo ilionyeshwa kwanza kwenye seli za damu.

Upande wa pili nao upo. Seli ya saratani inayopunguza maikroRNA ya aina hii inaweza kurudisha mafundi wake na kuwa sugu kwa dawa iliyokuwa ikiisumbua jana.

Hizo dawa za kuzuia PARP ni zipi?

Olaparibu na talazoparibu ndizo zinazotajwa zaidi kwa matiti. Huikwamisha PARP juu ya DNA. Seli ikija kunakili DNA yake inagonga kizuizi hicho, na mpasuko mdogo unakuwa mkubwa wa pande mbili. Seli yenye BRCA nzima inautengeneza na kuendelea na shughuli zake. Isiyo nayo inakufa. Wazo hili lilithibitishwa na timu mbili mwaka 2005, na Marekani iliidhinisha olaparibu kwa saratani ya matiti Januari 2018, kwa wagonjwa waliorithi kasoro ya BRCA na ambao saratani yao imesambaa.

Angalia neno "waliorithi". Kigezo ni jeni, si maikroRNA. Zile seli zilizojaa miR-182 nilizozieleza juu zilikufa kwa dawa ya kuzuia PARP japo jeni ilikuwa nzima, na katika wanyama wa maabara dawa hiyo iliuzuia uvimbe wenye miR-182 kukua. Ndiyo sababu wataalamu wanataka kujua kama siku moja maikroRNA inaweza kutusaidia kuwachagua wagonjwa wengine wa kupewa dawa hizi. Kwa sasa usiende kwa daktari kudai olaparibu kwa sababu ulisoma hapa kuhusu miR-182. Atakurudisha, na atakuwa na haki.

Je, DNA ikiharibika, maikroRNA nazo hubadilika?

Naam, mambo huenda pande zote mbili. ATM ikishapiga mbiu, miongoni mwa inaowaamsha ni protini ya KSRP, ambayo huharakisha kukatwa kwa maikroRNA kadhaa ziwe tayari kwa kazi. P53, mlinzi maarufu wa seli, huamuru miR-34 inakiliwe kwa wingi, na miR-34 husaidia kuisimamisha seli isigawanyike au kuifanya ijiue. Hata BRCA1 imekutwa karibu na Drosha, ikiwa na mkono wake katika utengenezaji wa maikroRNA zenyewe.

Shangazi alipolisikia hili alisema, "Kumbe fundi na karani wanafichiana siri." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Kuna kipimo cha damu cha maikroRNA?

Katika maabara za utafiti, ndiyo. Katika matibabu ya kawaida ya saratani ya matiti, hapa kwetu hakuna cha kuagizwa na daktari ili aamue dawa.

Inavutia, kwa sababu maikroRNA zinastahimili ndani ya damu kuliko RNA nyingine. Husafiri zikiwa zimefungwa ndani ya vifuko vidogo au zimeshikamana na protini. Ugumu uko kwenye sampuli. Fikiria chupa ya damu inayotolewa hapa Lamu: inavuka kwa boti hadi Mokowe, inapanda gari, inakwenda Malindi au Mombasa kwa joto na mtikisiko. Chembe nyekundu zikipasuka njiani zinamwaga miR-16 na miR-451 zilizojaa ndani yake. Na miR-16 ndiyo ambayo maabara nyingi zilikuwa zikiitumia kulinganishia nyingine! Yaani mizani yenyewe imechezewa kabla hujapima samaki. Hii ni sababu mojawapo ya matokeo ya tafiti mbalimbali kushindwa kulingana.

Ukiona mtu anauza "kipimo cha maikroRNA kinachogundua kila saratani kwa tone la damu", shika mkoba wako.

Na dawa ya maikroRNA je?

Ilijaribiwa. Dawa iliyoitwa MRX34 ilikuwa ni nakala ya miR-34 iliyofungwa ndani ya kiputo cha mafuta. Majaribio kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali yalianza 2013. Yalisimamishwa 2016 kwa sababu kinga za mwili za baadhi ya wagonjwa zilichachamaa vibaya, na wapo waliokufa.

Kazi ngumu ni kuifikisha. RNA ikidungwa uchi huvunjwa upesi. Ikifungwa, nyingi huishia kwenye ini. Kuna dawa za RNA zilizofaulu, kama patisirani iliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa ugonjwa mmoja wa kurithi wa neva, lakini hiyo inalenga ini lenyewe, na si maikroRNA bali ni binamu yake. Titi si ini.

Kisha kuna lile la ndumakuwili. Tuseme umepata njia ya kuishusha miR-182 ili BRCA1 ipande. Umeisaidia seli nzima, sawa, lakini umeikarabatia pia seli ya saratani iliyokuwa karibu kufa kwa mionzi. Dawa kama hiyo lazima ijue inakwenda wapi na saa ngapi.

Mlonge, manjano na habasoda hubadilisha maikroRNA?

Ndani ya sahani ya maabara, viini vya mimea mingi hubadilisha maikroRNA. Seli zimeogeshwa kwa kiini kilichosafishwa, kwa kiasi ambacho kijiko cha manjano kwenye pilau hakikaribii. Pilau iliwe kwa utamu wake. Kama unatumia mitishamba wakati wa kemo, mwambie daktari kila kitu bila haya, maana baadhi hugongana na dawa kwenye ini.

Wanaume je?

Hupata pia, kwa nadra. BRCA2 huhusika zaidi kwao kuliko BRCA1. Mwanamume mwenye uvimbe kifuani asione aibu.

Nimegusa kijidonge titini. Nianzie wapi?

Anzia hospitali, wiki hii. Hapa kisiwani wengi huanzia King Fahad. Vidonge vingi si saratani, lakini hakuna mwalimu, mganga wala simu itakayokuambia kipi ni kipi. Kinachojibu ni kuguswa na mtaalamu, kupigwa picha, na kuchukuliwa kinyama kikapimwe.

Ikithibitika ni saratani, omba ripoti yako na uulize kwa Kiswahili. Ni ya aina gani? Vile vipokezi viwili na HER2 vimesemaje? Imefika kwenye tezi za kwapani? Je, nipimwe BRCA, na dada zangu wapimwe? Dawa hizi zitaniathiri vipi, na nimpigie nani nikizidiwa usiku nikiwa ng'ambo ya maji?

Maswali hayo matano ni ya shangazi. Aliyaandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya ile ile ripoti iliyokunjwa mara nne, na safari iliyofuata, mbele ya daktari mwingine, akayasoma moja moja mpaka yakajibiwa. La sita lilikuwa langu, kuhusu miR-155. Daktari alicheka, akasema hospitali yao haipimi. Shangazi akamwambia, "Msamehe, daktari. Huyu ni mwalimu."